Jua la Mitwaba: Tuhesabu kwa Mwezi wa Mvua

Juma hili ukurasa wetu wa safari unatoka Mitwaba, kule kaskazini mwa jimbo letu la Haut-Katanga. Wengi wenu mnakumbuka mchango wa mwaka jana. Kila kikundi kilitoa franga chache kwa juma, tukanunua paneli moja ya jua, betri moja na taa tatu kwa ajili ya materniti ya kijiji kimoja cha huko. Mnakumbuka pia tulivyopiga vigelegele mwezi wa nane, picha zilipofika kwenye telefoni zetu: taa zinawaka, mama amempakata mtoto wake, mkunga anacheka. Mwezi wa kwanza ikaja habari nyingine. Taa zimezimika.

Basi mwezi wa sita tulifunga safari, sisi mama wanne, kwenda kuona kwa macho yetu. Tunawaandikia tuliyoyaona bila kuficha kitu, maana sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Njia ya kwenda

Kutoka Lubumbashi hadi Mitwaba ni zaidi ya kilomita 400. Kilomita 120 za kwanza, mpaka Likasi, ni lami, na mtu anaweza hata kusinzia. Baada ya Likasi hakuna kusinzia. Njia inageukia kaskazini, inapita nchi ya Bunkeya, alikotawala mfalme Msiri wa Wabayeke mpaka alipouawa mwezi wa 12 mwaka 1891, kisha inateremka kuelekea mto Lufira na maporomoko ya Kiubo. Hapo tulishuka kwenye kamio kunyoosha miguu. Tulikula bukari tuliyoifunga tangu nyumbani, imeshapoa, pamoja na samaki wakavu, huku sauti ya maji ikitufanya tuongee kwa kupaza.

Mama mmoja kati yetu, ambaye marehemu mume wake alikuwa mfanyakazi wa migodi, alitukumbusha jambo. Maji ya Lufira huko juu yamefungwa kwenye bwawa la Mwadingusha, ambalo limekuwa likitoa umeme tangu mwaka 1930. Umeme ule ulijengwa kwa ajili ya shaba. Halafu mwaka 1982 ikamalizika ile laini kubwa ya kutoka Inga, kilomita 1,700 hivi, inayoleta umeme Kolwezi kwa ajili ya shaba tena. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo havipati hata taa moja kutoka kwake. «Sisi tumezaliwa chini ya waya,» akasema, «na tunaendelea kununua mishumaa.»

Mitwaba haiko hata chini ya waya. Ni mbali na laini zote hizo. Ndiyo sababu habari ya jua kule si habari ya kifahari. Anayesubiri waya wa umeme ufike Mitwaba atazaa, atalea na atazeeka akisubiri.

Tulipofika

Tulifika usiku wa pili, tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mitwaba iko kwenye uwanda wa juu, na mwezi wa sita usiku wake una baridi ambayo sisi watu wa Lubumbashi tunadhani tunaijua. Wenyeji wetu walitupokea na moto wa makala na chai ya moto. Tulikaa tumejifunika vitenge viwili viwili, tukisikia Kiluba na Kiswahili vikichanganyika, na kila mtu alionekana nusu tu: upande ulioelekea moto.

Giza la Mitwaba ni giza zito. Kwa mama wa pale giza lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kati ya Manono, Mitwaba na Pweto watu waliiita «pembetatu ya kifo», kwa sababu ya vita vya Mai-Mai na jeshi. Mkuu wao, Gédéon, alijisalimisha Mitwaba penyewe mwezi wa tano mwaka 2006. Maelfu ya familia zilikimbia vijiji, zikalala porini, na wakati ule kuwasha moto usiku kulikuwa kujionyesha. Mama mmoja wa makamo alituambia kwamba alijifungua mtoto wake wa tatu porini bila mwanga wowote, na aliyempokea mtoto alimtambua kwa mikono tu. «Mtoto wangu yule,» akasema, «sikuuona uso wake mpaka asubuhi.» Sasa binti yake ana mimba. Mama huyu hataki binti naye asubiri asubuhi.

Kitabu cha mkunga

Kesho yake asubuhi tulikwenda materniti. Ni nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na paa la bati. Paneli yetu ilikuwa juu ya bati, inang'aa. Taa tatu zilikuwa mahali pake. Betri ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa safi kama mgonjwa.

Mkunga hakutulaumu. Alitutolea daftari la mwanafunzi, lile la mistari. Tangu siku taa zilipowashwa alikuwa anaandika alama moja kila asubuhi: mviringo kama taa zilikaa usiku mzima, nusu mviringo kama zilizimika usiku wa manane, msalaba kama hazikuwaka kabisa. Pembeni aliandika hali ya mchana uliopita kwa maneno mafupi: jua, moshi, mawingu, mvua.

Tulifungua kurasa pamoja naye. Mwezi wa nane, mviringo kila siku. Mwezi wa tisa, mviringo, na pembeni neno «moshi» linajirudia. Mwezi wa kumi, mviringo. Mwezi wa kumi na moja nusu mviringo zinaanza kujitokeza. Mwezi wa kumi na mbili zinakuwa nyingi. Mwezi wa kwanza, misalaba. Mwezi wa pili hakuna alama tena. Aliandika mara moja tu: «Betri imekufa.»

Katika usiku mmoja wa ile misalaba, mama mmoja alijifungua na damu ikamtoka nyingi. Mkunga alishika telefoni yake kwa meno ili apate mwanga huku mikono yake ikifanya kazi. Kamio ya kumpeleka hospitali haikuweza kupita kwa ajili ya matope. Mama yule alipona, na mtoto wake tulimbeba sisi wenyewe. Lakini mkunga alituonyesha ile telefoni. Kwenye mgongo wake bado kuna alama za meno.

Kwa nini Mitwaba ina jua jingi

Tuanze na habari njema, kwa sababu ni ya kweli. Mitwaba iko digrii 8 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Huko jua halina mchezo wa nchi za baridi, ambako kipindi kimoja mchana ni mrefu mno na kingine ni mfupi mno. Mwezi wa kumi na mbili mchana wa Mitwaba ni saa 12 na dakika 37 hivi. Mwezi wa sita ni saa 11 na dakika 37 hivi. Tofauti ni saa moja tu kwa mwaka mzima.

Chukueni kitenge kimoja, mkikunje mara moja. Ukubwa wake sasa ni karibu mita moja ya mraba. Jua kali la saa sita ya mchana likipiga juu yake, linamwaga nguvu ya wati 1,000 hivi. Likikaa kali namna hiyo saa moja nzima, tunasema kilowati-saa moja. Katika Kongo yetu, kila kitenge hicho kinapata kati ya kilowati-saa 3.5 na 6.75 kwa siku, kulingana na mahali, na upande wetu wa Katanga ni kati ya sehemu zenye jua jingi. Ujerumani, ambako paa nyingi zimejaa paneli, wanapata karibu 3 tu kwa siku, tukichukua mwaka mzima. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jua letu halitoshi.

Ukitaka kuiweka rahisi: siku nzuri ya Mitwaba ni kama saa 5 mpaka 6 za jua la saa sita. Asubuhi na jioni zimeshaingizwa ndani ya hesabu hiyo.

Mama hawahitaji mashine kujua hayo. Walituambia kwamba mwezi wa nane muhogo ulioanikwa juu ya mwamba unakauka kwa siku tatu au nne, mweupe kama chokaa. Mwezi wa kwanza muhogo uleule unaweza kukaa juma zima, unaingizwa ndani na kutolewa nje kila wingu likipita, na mwishoe unaota ukungu mweusi. Muhogo na paneli vinakula jua lilelile. Tungewauliza wao kabla ya kununua, tungejua yote ambayo daftari la mkunga lilikuja kutuambia.

Mwaka wa jua, mwezi kwa mwezi

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane ni kipindi cha ukavu. Mbingu ni safi. Hewa ni baridi, na hilo nalo ni jema, kwa sababu paneli hupenda mwanga lakini haipendi joto. Kila digrii moja ya joto juu ya 25 inaipunguzia nguvu kidogo, karibu sehemu 4 katika 1,000. Bati likichemka, paneli iliyolala juu yake inachoka. Mwezi wa sita jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini, chini kidogo. Ukisimama umelipa mgongo, kivuli chako kinaanguka kusini, karibu theluthi mbili ya urefu wako.

Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma majani porini. Moshi unapanda, mbingu inakuwa ya kijivu, na jioni jua linakuwa jekundu kama nyanya. Majivu na vumbi vinatua juu ya paneli. Mkunga wetu hakuambiwa na mtu kwamba paneli hupanguswa. Tulipanda na kitambaa cha maji, na kile kitambaa kilirudi chini rangi ya udongo.

Katikati ya mwezi wa kumi jua linafika juu kabisa ya kichwa. Saa sita unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Mvua za kwanza zinaosha moshi, na kati ya mvua na mvua kuna siku za jua kali sana. Huu ni wakati unaomdanganya mtu, kwa maana taa zinawaka vizuri na mvua imeshaanza, hivyo anafikiri hatari imepita.

Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu ndipo mawingu yanakaa. Jua limehamia upande wa kusini wa kichwa, kisha linarudi, na mwishoni mwa mwezi wa pili linapita tena juu kabisa. Mchana ni mrefu kuliko wakati mwingine wote, lakini mwanga unakuja umechujwa na mawingu. Si kila siku ni mbaya. Asubuhi nyingi ni nzuri, halafu mvua inakuja baada ya saa sita. Tatizo ni zile siku mbili au tatu mfululizo ambazo jua halitoki, na paneli inapata kama saa 2 tu za jua kamili, pengine hata chini ya hapo.

Na kipindi hicho ndicho cha shida zote. Mbu wamezaliana na malaria inapanda. Chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na kipya bado kiko shambani. Njia imekatika, kwa hiyo anayeumwa atatibiwa palepale alipo. Mwezi wa nane, ambao taa zetu ziliwaka vizuri, njia ilikuwa wazi na kamio ilikuwa inapita. Mwezi wa kwanza, ambao zilizimika, mkunga alikuwa peke yake.

Tulikosea wapi

Muuzaji aliyetuuzia mjini hatutamtaja. Alituambia kwamba paneli ya wati 100 inatosha kabisa, na kwa mwezi wa nane alisema kweli. Tuhesabu pamoja, hesabu hii si ngumu kuliko ya likelemba.

Materniti ina taa tatu za wati 5. Zikiwaka saa 12 za usiku, zinakula 5 mara 3 mara 12, yaani wati-saa 180. Ongeza telefoni ya mkunga na redio ndogo, wati-saa 60. Jumla ni 240 kwa usiku mmoja.

Paneli ya wati 100 kwenye siku ya jua la saa 5 na nusu inatoa 550. Lakini njiani, kwenye waya, betri na joto, tunapoteza kama sehemu 3 katika 10. Zinabaki 385. Zinatosha, na nyingine zinazidi. Hiyo ndiyo mviringo ya mwezi wa nane.

Kwenye siku ya mawingu ya saa 2, paneli ileile inatoa 200, na baada ya hasara zinabaki 140. Usiku unataka 240. Betri inalipa deni la 100. Siku ya pili, deni lingine la 100. Siku ya tatu betri haina kitu, na betri ya asidi inayoachwa tupu mara nyingi inakufa kama mtu anayeachwa na njaa. Ukiilisha baadaye, haishiki tena.

Tungenunua wati 200, siku ya mawingu ingetoa 280, na usiku ungepata 240 zake. Tofauti kati ya mviringo na msalaba ilikuwa paneli moja zaidi. Fedha ya paneli ya pili tulikuwa nayo. Tuliitumia kununua fulana za shirika za siku ya kukabidhi. Tunaliandika hili ili tusilirudie.

Makosa mengine mawili tuliyakuta. La kwanza ni namna paneli ilivyosimamishwa. Fundi aliielekeza kaskazini, na hiyo ni sawa kwa sisi wa kusini mwa ikweta, lakini aliinua sana, kama mlango ulio nusu wazi. Kwa jua la mwezi wa sita ni nzuri. Mwezi wa kwanza jua liko upande wa pili wa kichwa, na paneli ilikuwa imeligeuzia mgongo. Zaidi ya hapo, siku ya mawingu mwanga hautoki mahali pamoja, unatoka mbingu nzima, na paneli iliyolala kidogo inaona mbingu kubwa zaidi. Kwa Mitwaba inatosha kuiinua kidogo tu, digrii 10 hivi, ili mvua iteremke na kuiosha.

La pili lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Telefoni. Kila asubuhi watu walileta telefoni zao kuchajiwa, kumi, kumi na tano. Kijana mmoja aliwatoza pesa kidogo. Na mkunga angemkatalia nani? Mwalimu? Polisi? Mke wa chifu? Kila telefoni ilikunywa taa kidogo kidogo. Mwezi wa nane ile nguvu iliyozidi iliwatosha wote. Mwezi wa kwanza telefoni ziliendelea kunywa, na deni likalipwa na wanaojifungua.

Wengine walivyofanya

Wasiwepo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wazungu na wahandisi. Kaskazini mwa Mitwaba, kule Manono katika jimbo la Tanganyika, mji ulikuwa na umeme wa maji wa Piana Mwanga kwa ajili ya bati ya migodi. Baada ya vita ulikaa gizani miaka mingi. Kisha kikajengwa kituo cha jua cha megawati 1, chenye betri za kutunza umeme wa usiku. Jua la Manono ni jirani wa jua la Mitwaba. Na sheria ya umeme ya mwaka 2014 ya nchi yetu ilifungua mlango: si shirika moja la serikali peke yake linaloruhusiwa kutoa umeme.

Lakini mfano uliotugusa zaidi unatoka mbali kidogo, kwa Waswahili wenzetu wa Zanzibar. Kuna chuo kilichoanzia India, katika kijiji cha Tilonia, mwaka 1972, kinachoitwa Barefoot College, maana yake chuo cha miguu mitupu. Kinachukua mama wa vijijini, wengi hawakusoma, wengine ni mabibi wenye wajukuu, na kuwafundisha kufunga na kutengeneza taa za jua. Wanafundishwa kwa rangi na kwa vitendo zaidi kuliko kwa vitabu: waya huu mwekundu huingia hapa, kipande hiki cha rangi hii hukaa pale. Baadaye tawi lake lilifunguliwa Kinyasini, Unguja, ili mama wa huko wasihitaji kuvuka bahari. Wakirudi kijijini, wao ndio mafundi.

Wanapendelea mama wazima kwa sababu tunayoijua sote. Kijana akipata ufundi anaondoka kwenda mjini. Bibi anabaki. Yule fundi aliyefunga paneli yetu alirudi Lubumbashi siku hiyohiyo, na tangu hapo hakuna mtu aliyejua hata kufungua kifuniko cha betri kutazama kama maji yamepungua.

Tuliyoyafanya na yanayobaki

Siku ya tatu tulikaa chini ya mwembe pamoja na mama wa kijiji, mkunga na wazee wawili. Yalisemwa mengi, na si yote yalikuwa matamu. Mama mmoja alituuliza waziwazi: «Mlipokuja mwaka jana mlipiga picha nyingi. Kwa nini hamkuuliza mvua yetu ikoje?» Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha.

Kisha tukakubaliana. Paneli ya kwanza ilishushwa palepale, ikalazwa upya. Telefoni za kijiji zitatafutiwa paneli yao ndogo, mbali na materniti, na pesa ya kuchaji itaingia kwenye kopo la kununulia betri, chini ya ulinzi wa mama watatu ambao hawatoki familia moja. Mama wawili walichaguliwa kujifunza kutunza vyombo. Mmoja ni yule wa makamo aliyejifungulia porini. Alipoulizwa kama hataogopa umeme alijibu kwamba ameogopa vitu vikubwa zaidi.

Upande wetu, tunadaiwa paneli ya pili ya wati 100 na betri mpya ya volti 12, yenye amperi-saa 80 au zaidi, ili ibebe usiku mbili za taa bila kutumia zaidi ya nusu ya nguvu yake. Vitu hivyo lazima vifike kabla ya mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo njia haitatusubiri.

Kwa vikundi vingine vinavyotaka kununua taa za jua, kwa kijiji au kwa nyumba, tunawaachia haya:

Andikeni kwanza kila kitu kitakachotumia umeme, wati zake na saa zake. Msinunue kabla ya karatasi hiyo kujaa.

Mwulizeni muuzaji hivi: «Siku ya tatu ya mvua, taa hizi zitawaka mpaka saa ngapi?» Asipoweza kujibu, nendeni kwa mwingine.

Waulizeni mama wanaoanika muhogo, samaki au uyoga mahali pale. Wanajua miezi ipi jua linakosa.

Tazameni kivuli cha miti asubuhi, saa sita na jioni, mkikumbuka kwamba jua la mwezi wa sita na la mwezi wa kumi na mbili hazipiti njia moja.

Panguseni paneli kwa maji na kitambaa laini alfajiri, kabla haijapata joto, hasa miezi ya moshi.

Na mtafuteni mama wa palepale wa kuvitunza, mumlipe kitu.

Asubuhi ya kuondoka, mkunga alitusindikiza mpaka kwenye kamio. Tulimpa daftari jipya. Alilifungua, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, akachora msalaba, kwa sababu usiku ule tena hakukuwa na taa. Alisema ataendelea kuchora kila siku mpaka tutakaporudi na betri.

Mchango umeanza Jumapili iliyopita na unaendelea kila Jumapili baada ya mkutano. Safari hii hakuna fulana.